Picha Zinazoishia Kilomita ya Thelathini

Picha zangu zote za rangi ya mafuta zina sehemu nyeupe upande wa kulia. Si nyeupe ya theluji wala ya ukuta. Ni kanvasi yenyewe, imepakwa rangi ya msingi ikaachwa. Ukianza kutazama kutoka kushoto utaona barabara, watu, miti na maduka, halafu unafika mahali barabara inakatika na hakuna kitu tena. Nimezichora hivyo kwa miaka mingi, nyumbani kwangu Huruma, na ni mwaka jana tu ndipo nililazimika kuzitetea.

Nilikuwa sungura. Hapa Eldoret neno hilo halihitaji maelezo, lakini wa kwingine wajue kwamba wenye mbio ndefu huajiri mtu wa kutangulia. Unapewa kasi, unaishika bila kuipunguza wala kuizidisha, na wanaotafuta ushindi wanakufuata nyuma yako ili wasipoteze nguvu kwa kuhesabu au kupigwa na upepo. Ukifika kilomita ya thelathini unatoka pembeni. Wao wanaendelea na zile kumi na mbili zilizobaki. Jina lako halisomwi, na mkirudi nyumbani, mshindi ndiye anayenyweshwa mursik, maziwa yetu ya mgando, pale uwanja wa ndege. Wewe unachukua begi lako unatafuta boda.

Niliichagua kazi hiyo nikiijua. Mama alikufa nikiwa darasa la saba. Baba alikuwa ametangulia. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ndiyo kwanza anaanza shule, na dada yetu bado alikuwa wa kubebwa mgongoni. Jamaa walikaa wakapanga kutugawa, mmoja huku, mmoja kule. Nikasema hapana, tutakaa pamoja. Sikurudi shuleni. Nilienda kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mabango hapo Langas, nikaanza kwa kuosha brashi zake.

Mzee huyo alinifundisha kuchora kichwa cha ng'ombe kwenye ukuta wa bucha na mkasi kwenye mlango wa kinyozi. Alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia mpaka nikaiota. Mwenye hoteli akija kuagiza bango, mzee alikuwa anaenda kwanza kuangalia jikoni. "Usiandike chipsi kama hakuna chipsi," alikuwa akiniambia. "Mtu atasoma bango, ataingia, atakosa, na atakayetukanwa ni wewe, si mwenye hoteli."

Asubuhi kabla ya kazi nilikimbia, kama kijana mwingine yeyote wa mji huu. Nilikuwa mzuri. Kocha alinitazama msimu mzima, kisha akaniambia wazi: "Kuna kazi ya kushinda, na kuna kazi ya uhakika. Hawa wengine wana wazazi. Wewe una watoto." Nikachukua ya uhakika. Mshindani anaweza kuamka na tumbo baya akarudi mikono mitupu, lakini sungura akifanya alichoagizwa, nyumbani watakula.

Hivyo ndivyo nilivyoiona dunia. Wenzangu walionishinda miguu waliona katikati ya miji, ile minara na viwanja ambavyo watalii hupiga picha, kwa sababu mbio humalizikia huko. Kilomita ya thelathini haiko huko kamwe. Iko mahali watu wanapoishi, kwenye mitaa yenye nguo za kuanikwa, gereji za magurudumu, mashamba. Ukishatoka barabarani unapewa blanketi na kuambiwa usubiri basi la kuwaokota walioacha. Basi hilo huja nyuma ya mkimbiaji wa mwisho kabisa. Kwa hiyo nilikaa. Nilikaa na wenyeji wa pale bila neno hata moja la kuelewana, na hizo ndizo safari zangu zote.

Japani, mama mmoja mzee alinitolea kigoda kutoka ndani ya nyumba yake. Akarudi tena na kiazi kitamu cha kuchoma kilichofungwa gazeti, akanipa kwa mikono miwili huku ameinama, kama mtu anayepokea badala ya kutoa. Alisimama akingoja nionje. Kilikuwa na ganda la zambarau kama vyetu, ila ndani njano kama kiini cha yai. Nilicheka kwa mshangao, naye akacheka, ndipo akaketi.

Uholanzi nilitoka karibu na lango la shamba. Nchi yote ni tambarare, kiasi kwamba anga ndiyo inayokaa kama mlima. Mkulima alikuwa ameegemea lango akitazama mbio kwa adabu tu, maana macho yake yalikuwa kwa ng'ombe. Nikaegemea pembeni yake. Tulitazama ng'ombe wale pamoja, na nilipoonyesha kwa mkono ukubwa wa kiwele na kutikisa kichwa, alifurahi kama amesifiwa mtoto.

Uturuki ilikuwa mbele ya kinyozi. Wazee walikuwa wanacheza mchezo wa kete mlangoni, hawakugeuka hata mara moja kuangalia wakimbiaji. Kinyozi akanivuta ndani kwenye joto, akanipa chai katika glasi ndogo isiyo na mkono. Kwenye kioo cha dirisha palichorwa mkasi, na ulikuwa ule ule niliokuwa nikichora Langas, hata jinsi makali yalivyofunguka. Nilifurahi mno. Nikaonyesha mkasi, nikajionyesha mimi, nikitaka ajue kwamba na mimi ni fundi wa hiyo kazi. Yeye akaelewa kwamba nataka kunyolewa. Nilirudi Eldoret kipara.

Kila mahali niliazima kalamu na kuchora nyuma ya namba yangu ya kifuani. Lakini rangi za mafuta nilizijua Japani, ndani ya hoteli, palipokuwa na picha ukutani. Niliinamia karibu mpaka mlinzi akakohoa. Rangi ilisimama, ilikuwa na unene, ungeweza kuona mahali brashi ilisita. Rangi ya bango ni bapa, inakauka kabla hujaiwazia. Nilirudi na boksi dogo la rangi hizo, na nikajifunza mwenyewe kwa kukosea.

Kosa kubwa lilikuwa la hewa. Eldoret ya Julai ni baridi na mvua. Rangi ya mafuta haikauki wiki baada ya wiki, na kwetu kulikuwa na moshi wa jiko na vumbi la barabara. Picha yangu ya kwanza ya Uholanzi iliota manyoya kama kifaranga. Ya pili nikaifunga kamba kwenye pembe nne na kuitundika chini ya mabati, uso ukitazama chini, vumbi likae mgongoni. Tangu siku hiyo ndivyo nilivyozikausha zote. Chumba kilikuwa kimoja, kwa hiyo wadogo zangu walilala chini ya hizo picha. Mdogo wangu wa kiume alilala chini ya ng'ombe wa Uholanzi. Dada yangu alilala chini ya kinyozi wa Uturuki, na asubuhi moja alienda shuleni na tone la buluu kwenye kola ya sare, ambalo halikutoka mpaka sare yenyewe ilipoisha.

Alikuwa akilala chali akiuliza, kidole juu.

"Mzee, huyu anacheza na nani?" Walikuwa wananiita Mzee tangu nikiwa kijana, mwanzo kwa utani, baadaye kwa mazoea.

"Na jirani yake."

"Na hapa kwa hii nyeupe?"

"Sijui. Sikufika."

"Basi hapo kuna duka la mandazi," alikuwa akisema, ameridhika.

Yeye sasa ni mwalimu, Langas, shule isiyo mbali na pale nilipooshea brashi. Mdogo wetu wa kiume ni fundi wa matrekta, ana familia yake. Mimi niliacha kukimbia magoti yalipokataa, na nimebaki na mabango mchana na picha jioni.

Mwaka jana nilienda kununua mbao nyembamba kwa mama mmoja mwenye duka la fremu mjini. Ni mstaafu, alifundisha sanaa huko kwao Mkoa wa Kati kabla ya kuhamia huku. Aliuliza mbao ni za nini, nikamwambia, akafunga duka tukaja naye mpaka Huruma. Alizitazama zote. Iliyokuwa bado inaning'inia aliitazama akiwa amelala kwenye kitanda changu, na viatu vyake amevishika mkononi.

"Tutafanya maonyesho," alisema akiinuka. "Nitaomba ukumbi wa kanisa. Kazi nzuri sana hii. Sasa uzimalize."

"Zimeisha, Mama."

"Na hii nyeupe?"

Nikamweleza kwamba huko sikufika, na nisichokiona sikichori. Alinisikiliza vizuri, kama mwalimu, kisha akasema, "Mimi nimekuelewa kwa sababu umenieleza. Utamweleza kila anayeingia? Weka anga tu. Weka miti. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na mzee aliyenifundisha angejua."

Hakunibembeleza zaidi. Alimpigia dada yangu simu.

Dada alikuja Jumamosi, na kwenye mkoba wake alikuwa na tyubu ya rangi ya buluu ya anga, nzuri, ya bei, aliyoagiza Nairobi. Aliiweka mezani katikati yetu.

"Walimu wote wa shule yetu watakuja," alisema. "Mwalimu mkuu atakuja. Nimewaambia kaka yangu ni msanii."

"Waje."

"Waje waone nini? Mzee, usikasirike. Shule uliachia darasa la saba. Sisi tunajua ni kwa nini, lakini wao hawajui. Mbio uliachia thelathini, kila moja. Sasa waje waone hata picha unaachia katikati? Watasema huyu ndivyo alivyo."

Sikukasirika. Nilijua ameyabeba maneno hayo muda mrefu, na aliyabeba kwa sababu ya kunipenda. Lakini nilitaka anielewe.

"Mimi sikuacha mbio hata moja," nikamwambia. "Niliajiriwa thelathini na nilifika thelathini. Kila mara, kwa kasi niliyoambiwa. Waulize wenye mbio kama kuna siku nilitoka ishirini na tisa."

"Najua."

"Basi na picha nazo zimefika."

"Watacheka."

"Wacheke."

Alirudisha tyubu kwenye mkoba akaufunga kwa nguvu kidogo. Alipofika mlangoni alisema, "Hata sisi tukiwa wadogo ulikuwa hivi hivi," na sikujua kama ni lawama.

Siku ya maonyesho ilikuwa ya mvua. Tulizipanga picha kuta tatu za ukumbi, na yule mama wa fremu alikuwa amezivika fremu nyeusi nzuri, nami nilisimama pembeni nimevaa koti la harusi ya mdogo wangu. Wa kwanza kuingia walikuwa wanakimbia mvua. Wakafuata walimu. Walisifu mama wa Japani, walisifu ng'ombe, kisha wakafika penye nyeupe na nikaona mabega yakigusana.

"Fundi aliishiwa na rangi," mmoja alisema, si kwa sauti kubwa.

"Au aliitwa chakula," akasema mwingine.

Mwalimu mkuu alimuuliza dada yangu kwa upole kama picha zitamaliziwa baadaye. Dada alijibu kitu ambacho sikusikia, na baada ya hapo alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa tayari kuchekwa mimi mwenyewe. Kumwona dada akichekwa sikuwa nimejiandaa nako. Nilianza kujiuliza ningepungukiwa na nini kwa kuweka anga kidogo.

Ndipo alipoingia mkulima mmoja kutoka Moi's Bridge, na gambuti zake zina matope. Alikuja mjini kutafuta spea ya mashine ya kupukuchua mahindi, akaona tangazo ukutani. Sasa ana tumbo. Zamani hakuwa nalo, kwa sababu ndiye aliyeshinda ile mbio ya Japani, nyuma yangu.

Hakuniona. Alienda moja kwa moja kwenye picha ile ya mama na kigoda, akasimama, akavua kofia.

"Kumbe palikuwa hivi," alisema.

Walimu waligeuka.

"Wewe umefika huko?" mmoja alimuuliza.

"Nimepita hapa kwa miguu yangu. Lakini sikuona kitu. Sikuona hii nyumba, sikuona huyu mama. Mimi nilikuwa naangalia mgongo." Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata, akacheka. "Mgongo wa huyu. Fulana yake ilikuwa na uzi umening'inia hapa kwa bega, kilomita thelathini uzi unacheza tu mbele ya macho yangu. Nilitaka kuuvuta."

"Ungevuta," nikamwambia. "Ilikuwa inaniwasha."

Alisogea kulia polepole, kidole chake karibu na picha bila kuigusa, akafuata barabara mpaka pale inapokatika. Akasimama.

"Hapa ndipo ulitoka."

"Hapo hapo."

"Ulisema 'Haya,' ukaenda. Nikaona barabara kwa mara ya kwanza. Nikaogopa." Alipiga hatua moja zaidi, akasimama mbele ya ile nyeupe, akageukia ukumbi mzima kama mtu aliye shambani kwake. "Kutoka hapa ni mimi. Hapa kuna kona ya kushoto, halafu daraja, na kwa daraja upepo unakupiga kofi."

"Kona ni ya kulia," ilisema sauti mlangoni. Alikuwa mwanamke mrefu anayeuza viatu vya kukimbilia mjini. Naye aliwahi kukimbia huko, mwaka mwingine. "Kulia, halafu daraja."

"Kushoto, Mama. Niliongoza mimi."

"Uliongoza ukiwa umefunga macho. Mimi nilitapika kwa hiyo kona, siwezi kuisahau."

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa kimehama. Yule mwanamke alitoa simu akapigia wenzake. Huu ni mji ambao ukipiga simu tatu unapata watu waliokimbia nusu ya dunia. Walikuja na mvua yao. Kufikia alasiri ukumbi ulikuwa umejaa wanaume na wanawake wenye magoti mabovu, wengine wakulima, wengine wenye maduka, na kila mmoja alikuwa na sehemu yake nyeupe. Mbele ya Uholanzi walibishana kama kile kinachokuja baadaye kinaweza kuitwa mlima au ni daraja tu. Mbele ya Uturuki bwana mmoja alieleza jinsi alivyokunywa maji ya chumvi kwa makosa, akionyesha kwa mkono kwenye nyeupe mahali meza ya maji ilipokuwa, na walimu wakatazama mkono wake kama ubao. Mwalimu mkuu aliomba apigwe picha amesimama pale pale, penye kona yenye ubishi.

Hakuna aliyeniuliza tena kama zitamaliziwa. Mkulima wa Moi's Bridge alikaa mpaka duka la spea likafungwa. Alipokuwa anaondoka alinishika mkono na kumwambia dada yangu, aliyekuwa karibu, "Huyu hakuwahi kupunguza kasi hata sekunde moja. Ungeweza kulala nyuma yake."

"Nililala," dada alijibu. "Chini ya kinyozi."

Mkulima hakuelewa, akacheka tu kwa adabu, akaenda.

Tulipokuwa tunazishusha picha, dada alisimama mbele ya ile ya Uturuki. Aliitazama kwanza kama wengine. Kisha akarudi nyuma, akaketi kwenye benchi, akainua uso juu kabisa, kama anaitazama kutoka chini.

"Unajua mimi pia nakukumbuka mgongo?" alisema. "Asubuhi ukitoka kukimbia. Nilikuwa naamka mlango ukifunguka, naona mgongo, nalala tena."

"Nilidhani ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nahakikisha uko."

Alifungua mkoba wake, akatoa tyubu ya buluu, akaniwekea mkononi. Bado ilikuwa na karatasi yake.

"Tumia kwa nyingine," alisema. "Lakini mwisho uache vile unaachanga. Na hii ya kinyozi nataka niiweke darasani kwangu."

"Watoto watakuuliza kuhusu hiyo nyeupe."

"Nitawaambia kuna duka la mandazi," alisema, akashika upande wake wa fremu, nami nikashika wangu, tukaitoa nje kwa uangalifu, maana mvua ilikuwa bado inanyesha.